TAHADHARI: Breketi za maboksi za "toa-weka" zinazouzwa Mombasa, zipime kabla hujalipa

Ndugu wenye pikipiki za safari, jihadharini na breketi za pembeni (fremu za chuma za kushikia maboksi ya mizigo) zinazotangazwa mitandaoni kwa jina la "toa-weka". Picha zinapendeza, bei iko chini mno, na muuzaji anaahidi boksi litatoka kwa mkono mmoja kwa sekunde tano. Hatari ni kwamba boksi hilo hilo huweza kung'oka lenyewe kwenye matuta ya Mazeras, lori likiwa nyuma yako.

Wauzaji wa aina hii huchanganya makusudi vitu viwili. Kuna boksi linalotoka kwenye breketi, na kuna breketi yenyewe inayotoka kwenye fremu ya pikipiki. Boksi hutegemea ndoano na kitasa. Breketi hutegemea pini za robo mzunguko: unatia bisibisi, unageuza nyuzi 90, inaachia. Muulize anauza ipi, kisha umwombe video ya leo akiitoa na kuirudisha, boksi likiwa na mzigo ndani. Akijibu "zote mbili" na pini hazionekani popote, hiyo ni breketi ya kawaida ya bolti iliyobandikwa stika mpya. Na pini zikionekana, zigeuze mwenyewe. Pini nzuri ina springi, na ikifika mwisho unasikia na kuhisi inaingia kwenye kibonyeo chake. Ya bandia huzunguka laini tu. Bila kibonyeo hicho hakuna cha kuizuia kurudi nyuma, na mtetemo wa injini utairudisha polepole mpaka iachie.

Penye udanganyifu mkubwa zaidi ni kwenye ndoano. Inapaswa kuwa chuma au alumini nzito ya kuchonga, lakini nyingi ni zinki ya kumiminwa, ikapakwa kromu au rangi nyeusi. Zinki ya namna hii haipindi kwanza ili ikuonye: inapasuka ndani kidogo kidogo kwa kutikiswa, halafu inakatika mara moja. Kuitambua si kazi. Chukua sumaku: ikinata vizuri, ni chuma. Isiponata, ipime kwa mkono. Nyepesi ni alumini. Ikiwa nzito, ni ama chuma kisichoshika kutu ama zinki, na hapo tupa ni shahidi: ikwaruze upande usioonekana. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu zaidi, tupa hukila kwa shida. Zinki ni laini, inakatika kwa urahisi na kuziba meno ya tupa. Muuzaji akikataa usikwaruze hata nukta moja ndogo, mwachie mali yake.

Halafu paipu. Breketi nyingi hutumia paipu ya milimita 18 kwa nje, na kwa nje zote zinafanana. Tofauti iko kwenye unene wa ukuta, ambao huuoni kwa sababu ncha zimechomelewa au zimezibwa plastiki. Mizani itakuambia. Mita moja ya paipu ya chuma ya milimita 18 yenye ukuta wa milimita 2 ina uzito wa karibu gramu 790. Ukuta wa milimita 1 ni karibu gramu 420 tu. Kwa hiyo breketi za pande mbili zilizokula mita 4 za paipu zikaribie kilo 3.2 kabla ya kuhesabu mabamba. Ukizining'iniza kwenye mizani ya mkono zikasoma kilo 2 na mabamba yake, basi umeuziwa paipu nyembamba. Watengenezaji wengi wa maboksi magumu huweka kikomo cha kilo 10 kwa boksi la pembeni. Tuta likilirusha boksi kwa nguvu mara tatu ya uzito wake, ndoano inabeba kilo 30 kwa nukta ya sekunde, tena na tena. Paipu nyembamba hupasuka kandokando ya weldi, pale joto lilipoidhoofisha.

Angalia weldi pia. Iwe imezunguka paipu yote. Vidoti vitatu vya weldi vilivyofunikwa kwa rangi nzito si weldi.

Neno "inafaa pikipiki zote" lichukuliwe kama onyo. Fremu ya nyuma na mkao wa eksozi wa V-Strom, Himalayan na Dominar havifanani. Breketi ya "zote" huwa na matundu marefu ili bolti ziteleze mpaka zipate mahali, na matundu hayo hayo ndiyo yanayoiacha ihame barabarani. Boksi likisogea hata milimita mbili kwenye ndoano, linagonga, tundu linakuwa yai, na ulegevu unaongezeka kila safari. Upande wa eksozi pabaki nafasi ya vidole vitatu angalau, la sivyo plastiki ya boksi itayeyuka. Jaribu pia kuikandamiza pikipiki kwa watu wawili uone kama boksi linagusa tairi au indiketa.

Kwa boksi la nyuma, jambo ni fupi: Givi, kampuni ya maboksi, ina mifumo miwili ya kushikia, Monokey na Monolock, na boksi la mmoja halishiki kwenye bamba la mwingine. Anayekuhakikishia kwamba bamba lake linashika "Givi yoyote" hasemi kweli.

Bolti zinazokuja na mzigo huu usizitumie. Kichwa cha bolti ya maana kimeandikwa 8.8, au A2-70, au A4-80 (A2 na A4 ni chuma kisichoshika kutu). Kikiwa kitupu, itupe. Kwa hewa yetu ya chumvi, A4 ndiyo inayodumu. A2 hutokeza madoa ya kutu mapema. Ila bolti ya A2 au A4 ikikutana na alumini penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe. Paka grisi na uweke washa ya nailoni katikati. Nati ziwe zenye pete ya nailoni ndani. Bolti za 8.8 za M6 hukazwa karibu Nm 10 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), za M8 karibu Nm 25, isipokuwa kitabu cha pikipiki kikisema vingine. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100: ukitoka mjini kwenda Malindi, simama Kilifi.

Kuhusu pesa, mchezo wenyewe ni huu: "Tuko Mwembe Tayari lakini leo hatujafungua, tuma nusu tukuwekee." Usitume. Lipa ukiwa umeshika breketi mkononi, na kabla ya kuthibitisha malipo soma jina linalotokea kwenye M-Pesa. Jina la mtu tofauti na duka ni sababu ya kuacha. Ukishatapeliwa, sambaza ujumbe wa malipo kwenda 456 ya Safaricom papo hapo, maana pesa zikishatolewa kwa wakala kuzirudisha ni shida, na ujumbe wa tapeli upeleke 333. Hifadhi mazungumzo yote na uandikishe OB (kitabu cha matukio) polisi. Tangazo likifutwa, hayo ndiyo yatakayobaki.

Na kama breketi hizi ziko tayari kwenye pikipiki yako, usingoje zivunjike. Safisha weldi ya mkono wa chini wa breketi na shingo ya kila ndoano, uzimulike kwa tochi. Mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi ni ufa, na breketi hiyo haipaswi kubeba kitu tena. Ambayo haijapasuka, ibebeshe nguo tu, na upitishe mkanda wa kufungia mzigo kuzunguka boksi hadi kwenye fremu ya pikipiki. Usiufunge kwenye breketi, maana breketi ikikatika mkanda utaondoka pamoja nayo, na ukiingia kwenye tairi la nyuma utalifunga.