Riflekta ya sentimita 80 kwa picha za watoto ziwani: inunue kwa ajili ya upande mweupe

Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri jua liko karibu na utosi, na usoni mwa mtoto macho yanageuka mashimo mawili meusi. Riflekta ya kukunja yenye nyuso 5, yaani duara la kitambaa linalorudisha mwanga usoni, inaondoa tatizo hilo kwa bei ndogo sana kuliko flashi.

Imeundwa kwa waya wa chuma ulioshonewa kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Juu yake huvishwa ganda la zipu lenye rangi nne: nyeupe, fedha, dhahabu na nyeusi.

Nyeupe ndiyo yenye kazi. Msimamishe mtoto kwenye ukingo wa kivuli, jua likiwa nyuma yake, kisha mzazi ashike riflekta mita 1 kutoka kwake, usawa wa kifua. Ikishuka hadi magotini, mwanga unapanda kutoka chini na kumulika matundu ya pua. Mtoto mzuri anatisha. Ikikaa sawasawa, kuza picha: ndani ya mboni utaona kiduara cheupe, na macho yako hai. Mama akiwa ndiye mshikaji, mtoto hutazama huko huko mwanga unakotoka bila kuamrishwa. Kwenye nyasi ni tofauti: ilaze chini mbele ya miguu izifunike, maana nyasi hutupa ukijani chini ya kidevu.

Fedha ni kali. Mtoto anakunja uso, na kama amepakwa mafuta, paji la uso linatoa mabaka ya kung'aa. Mfute kwanza kwa kitambaa kikavu. Itumie tu chini ya mwembe mzito au siku ya mawingu. Dhahabu iache mfukoni: inaigeuza ngozi ya maji ya kunde kuwa ya chungwa.

Mchana, vua ganda na ushike kile kitambaa chepesi kati ya jua na mtoto, nusu mita juu ya kichwa. Hapo usiweke ziwa nyuma, litaungua kwa weupe. Mawe ya Capri Point, mtaa wa ufukweni hapa Mwanza, au kichaka vinafaa zaidi. Pima mwanga usoni, shata (kasi ya kupiga) isipungue 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/2.8, fokasi kwenye jicho lililo karibu. Na tafadhali, usimwingize mtoto kwenye maji mafupi yenye majani kwa ajili ya picha; kichocho kipo.

Udhaifu mkubwa ni upepo wa ziwa wa alasiri. Ya sentimita 110 inamulika mtoto mzima, lakini ufukweni inakuwa tanga na inahitaji mtu mzima mwenye nguvu. Ya 80 mtu mmoja anaimudu, hasa akiegemea jiwe.

Kuikunja kunawashinda wengi. Shika kingo mbili, kiganja kimoja juu kingine chini, zungusha kinyume huku ukikutanisha mikono, na duara tatu zitaangukiana zenyewe. Ukilazimisha, waya unapinda na hainyooki tena. Kwa hiyo dukani ifungue, ilaze mezani: ikiyumba, rudisha. Vuta zipu yote, kisha sugua upande wa fedha kwa kidole. Ukibanduka unga wa kijivu, omba nyingine.