Lifti za kilima chetu nimezipanga, na ile kubwa inashika mkia

Nasema lifti za kwenye theluji, zile za viti vinavyoning'inia kwenye kebo, zinazotupandisha kilimani ili tushuke tukiteleza kwa ski, vile vibao virefu vya miguuni. Nianze na ya mwisho, maana ndiyo inayoniwasha. Ile lifti mpya ya watu sita, yenye viti vya moto na kuba la plastiki la kujifunika, ambayo kila anayetoka kilimani anaisifia mpaka povu linamtoka, kwangu mimi ni ya mwisho. Ya mwisho kabisa! Hata ule mkanda wa kupandishia watoto wanaojifunza kuteleza umeipita.

Jina la kilima silitaji, sitaki kesi. Ni hapa Colorado, Marekani, unatoka Denver na barabara ya I-70 kuelekea magharibi, unakaa kwenye foleni ya magari hadi unajuta kuzaliwa, halafu unafika. Sisi tunatokea Aurora, jirani na Denver. Tupo Waswahili wachache tunaopanda huko Jumamosi, Mkenya mmoja mmoja, familia mbili tatu za Kikongo, tunatambuana kwa vyakula tulivyofungasha.

Kasi yake, urefu wake, inabeba watu wangapi kwa saa, hayo utayakuta kwenye mabango yao. Mimi kigezo changu ni kimoja: lifti ikisimama nawe uko hewani, unatendewaje? Kwa sababu zote husimama. Mtu anaanguka pale pa kushukia, mhudumu anabonyeza kitufe, mnaning'inia kidogo, safari inaendelea. Hilo halina ugomvi.

Sasa sikia. Ilikuwa msimu uliopita, Februari hivi, au labda Machi ilikuwa imeshaingia. Nilipanda na binti yangu na vijana wanne wenye bodi zao za kutelezea. Nikaomba tushushe kile chuma cha mbele cha kuzuia mtu asidondoke. Kule jimbo la Vermont kukishusha ni sheria, lakini huku kwetu wengi wanakiacha juu, wanaona ni mambo ya waoga. Vijana wakakubali shingo upande. Kidogo tu tumeipita nguzo namba kumi na moja, kiti kikasimama ghafla. Kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kikaenda tena. Chini yetu mawe matupu, hata theluji ilikuwa imepeperushwa.

Upepo ule jamani! Nikashika kuba nilishushe, limegoma. Nikalivuta hadi glovu ikawa inateleza, kijana mmoja akanisaidia, limegoma. Viti vya moto? Umeme umekatika, moto utoke wapi. Tukakaa. Hakuna tangazo, hakuna anayepita chini kupiga kelele kwamba jamani subirini, hakuna kitu. Wale vijana kwanza walikuwa wanacheka na kupiga picha, baadaye wakanyamaza, mmoja akavua skafu yake akamfunga mwanangu magotini. Mungu ambariki huyo, sikumuuliza hata jina. Binti yangu akaniuliza, "Baba, wanajua kwamba tuko hapa?"

Nikamwambia wanajua. Nilikuwa nasema tu.

Hatimaye tukasikia injini ya dizeli. Lifti za viti huwa na injini kama hiyo, ni ya akiba, mota ya umeme ikifa hiyo ndiyo inawatoa watu. Basi ikawa inatukokota kidogo, inasimama, inatukokota, inasimama. Nusu saa? Zaidi? Meno ya mtoto yalikuwa yanagongana, unategemea niangalie saa?

Tukafika juu. Pale pana kibanda cha mhudumu, kina hita, kijana kakaa ndani na kikombe chake. Nikamwendea kistaarabu kabisa, nikamuuliza kimetokea nini, maana nina mtoto na kuba la kiti chetu ni bovu, bora wajue. Akafungua kidirisha kidogo, kiasi cha mdomo kupita. Akasema, "Ni lifti. Huwa zinasimama." Kisha akanionyesha kwa kidole nisogee, nazuia wenzangu. Akafunga.

Kile kidirisha kina mpira pembeni, kikafunga taratibu bila hata kishindo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko baridi. Angekibamiza ningejua na yeye kachoka, siku imemwendea vibaya, tuko pamoja. Lakini vile? Kama kafunga friji.

Haya, tuendelee na nyingine kabla presha haijapanda.

Ile ya watu wanne ya pale mbele naipa nafasi ya tatu na sina mengi. Ni ya aina ile ambayo kiti kinang'ata kebo kwa koleo, kikiingia stesheni koleo linaachia, unakaa kwa raha zako, kikitoka linang'ata tena na mnakwenda mbio. Lifti za watu wanne za mtindo huo zilianzia hapa hapa Colorado, kule Breckenridge, mwaka 1981, na wenyeji hawachoki kukukumbusha. Inafanya kazi. Foleni yake ndefu. Basi.

Ya pili ni ile ya juu kabisa, kwenye uwazi ambako hakuna mti hata mmoja. Kiufundi ni ya kizamani na upepo ukizidi wanaifunga, yaani siku nyingi unaitazama tu. Lakini wanaifunga kabla hujapanda! Mtu anasimama chini na ubao ulioandikwa kwa mkono, anakuambia leo hapana kaka, labda baada ya chakula cha mchana. Huo ndio uungwana. Na ikifunguliwa, inakufikisha juu kuliko kibanda cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, ambacho kiko mita 3,720, na ukumbuke Horombo watu wanafika kwa miguu siku ya pili, wanahema, wengine kichwa kinawagonga. Hapa umekaa kitako. Mara ya kwanza nilimpigia mama Moshi nikamwambia, akasema nimeanza kudanganya kama wazungu.

Namba moja ni ya wawili. Ndiyo, ile kuukuu, ile ambayo wenzangu wanaikimbia kwa sababu inatambaa. Viti vyake vimefungwa kwenye kebo moja kwa moja, havipunguzi mwendo wa kukungojea, usipojipanga kinakupiga nyuma ya magoti unakaa kwa lazima. Lakini pale chini yupo mzee mmoja mwenye ndevu na fagio. Kila kiti kikizunguka anakifagia theluji, halafu anakishika kwa mikono miwili anakirudisha nyuma kidogo, ili kikuguse taratibu. Kila kiti, siku nzima. Binti yangu ana stika ya twiga kwenye helmeti, basi mzee akimwona tu anauliza, "Twiga hajambo leo?"

Siku moja nayo ilisimama. Zee lile likatoka likaweka mikono mdomoni, likapiga ukelele: mtu kaanguka juu, mzima, dakika mbili! Watu wa kiti cha kwanza wakawaambia wa pili, wa pili wakatuambia sisi, nasi tukageuka tukawaambia wa mbele yetu, habari ikapanda mlima kiti kwa kiti. Tulikuwa tunacheka. Hakuna kipaza sauti, hakuna kuba, hakuna moto wa makalio.

Na mtindo huu wa kiti kuning'inia kwenye kebo mimi naona una udugu nasi. Ile ya kwanza kabisa ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na aliyeibuni ni mhandisi wa reli ya Union Pacific, James Curran, kwa kuiga mtambo wa kupakia mikungu ya ndizi melini. Kulabu ikatolewa, kiti kikawekwa. Mimi niliyekulia migombani nikipanda ile ya wawili najiona mkungu halali kabisa.

Sasa mke wangu kasoma hadi hapa anasema naionea ile kubwa. Haya. Asubuhi mapema, upepo umetulia, baridi ya kukata masikio, ukikaa kwenye kiti kina joto na kuba likashuka bila ubishi, mtoto anaimba na sauti inamrudia ndani humo, ni raha, siwezi kubisha. Na tulipokuja na shangazi wa watoto aliyekuwa hajawahi kuona theluji, hiyo ndiyo tuliyompandisha, ile ya wawili ingemvunja magoti. Kwa hiyo labda niiweke ya tatu, sare na ya watu wanne. Tuseme ya tatu.

Hapana. Majuzi nimepita pale juu tena. Kijana yule yule. Mama mmoja kaanguka pale pa kushukia, ski moja imechomoka, anatambaa kuitafuta huku viti vinakuja nyuma yake. Lifti aliisimamisha, hiyo haki yake nampa. Lakini hakutoka. Alikuwa anagonga kioo kwa kidole, ko ko ko, kumwonyesha mama wa watu mahali pa kutokea. Mimi na mtu mwingine ndio tuliomwinua.

Ya mwisho, na isiniombe tena. Ule mkanda wa watoto unabaki juu yake, pale kuna dada anawashika mkono mmoja mmoja na pua anawafuta.

Mkienda, ile ya wawili iko kulia, nyuma ya jengo la kukodisha mabuti, na kabla ya saa nne asubuhi hamtakuta mtu. Chakula bebeni chenu. Supu yao tutaigombania siku nyingine.