Mlango wa kioo bafuni na maji ya Dodoma: nini kinunuliwe kwanza, nini kiachwe dukani

Nyumba nyingi mpya za Iyumbu, Ilazo na Njedengwa zinajengwa na bafu lenye mlango wa kioo kwenye chumba cha masta. Mlango huo hupendeza wiki ya kwanza. Baada ya hapo kioo kinaota ukungu mweupe ambao sabuni haiutoi, na dada wa kazi analaumiwa bure.

Lawama ni za maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na huko ardhini yamezoa kalsiamu na magnesiamu; ndiyo yanaitwa maji magumu. Ndiyo magamba meupe unayoyaona ndani ya birika. Tone likikauka kwenye kioo, maji yanapaa na chokaa inabaki. Kiangazi, upepo wa Dodoma ukishaanza, hewa ni kavu kiasi kwamba tone linakauka kabla hujamaliza kujifuta.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza isiende kwenye dawa. Iende kwenye kifutio cha raba, kile wanachofutia vioo vya magari vijana wa kuosha magari. Hicho nakipa namba moja bila kusita, kwa sababu dawa yoyote utakayonunua itaondoa doa la jana tu, na kesho utaoga tena. Chagua chenye raba laini iliyonyooka, isiyo na pengo hata dogo (pengo huacha mstari wa maji), na mpini wa plastiki usioshika kutu. Kitundike humohumo bafuni. Anayemaliza kuoga anavuta kutoka juu kwenda chini, kisha anapitisha kitambaa kikavu pembeni na chini ambako raba haifiki. Hiyo si kazi hata ya dakika mbili. Tatizo ni kuwashawishi watoto.

Namba mbili ni asidi ya sitriki ya unga, ile inayotiwa kwenye juisi na aiskrimu za kufunga. Iulize kwenye maduka ya vifaa vya keki. Naiweka juu ya siki kwa sababu haina harufu, ukali wake unaupanga mwenyewe, na pakiti ndogo inakaa muda mrefu. Koroga vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, tia kwenye chupa ya kupulizia. Sasa hapa ndipo wengi wanakwama: ukipuliza na kuacha, dawa inakauka kabla haijafanya kazi. Asidi inahitaji kubaki majimaji ili iile chokaa. Lowesha tishu za jikoni au kitambaa cha pamba kwa dawa hiyo, bandika kwenye kioo, na uongeze kidogo kidogo kila unapoona panakauka. Baada ya dakika 15 hadi 20 sugua kwa sponji laini, suuza kwa maji mengi, futa kwa raba. Doa la miezi litataka kurudiwa. Vaa glavu, na kama mkono una mchubuko utanikumbuka.

Siki nyeupe ni namba tatu. Ina asidi ya asetiki kama asilimia 5, inapatikana hata kwa Mangi, na inafanya kazi ileile polepole zaidi. Usiizimue kwa maji. Harufu yake itabaki bafuni kwa muda, fungua dirisha. Mji wetu ni wa zabibu, lakini siki nyekundu ya zabibu iache kwenye kachumbari. Ndimu nayo ina asidi ya sitriki, ila kwa mlango mzima utakamua kapu. Itumie kwenye shina la bomba.

Namba nne ni dawa za kupuliza za supamaketi. Zipo nzuri, lakini soma lebo: iseme wazi kwamba inaondoa chokaa au madoa ya maji magumu. Zile za bluu za kung'arishia madirisha hutoa vumbi na alama za vidole, chokaa zinaipita tu.

Kuna mapishi ya kuchanganya magadi soda na siki. Povu ni zuri kutazama, lakini viwili hivyo vinauana nguvu na unabaki na maji ya chumvi. Ukipenda magadi soda, yatumie peke yake baadaye kusugulia utando wa sabuni, kisha suuza.

Sasa vya kuacha. Asidi ya kuoshea vigae inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi itatoa doa, sibishi. Itatafuna pia fremu ya alumini, itaharibu nikeli ya bomba, itakula saruji ya maungio, na moshi wake kwenye bafu dogo ni hatari kwa mapafu. Dawa ya choo yenye asidi ni ndugu yake. Na asidi yoyote, hata siki, isikutane na Jiki: inatoka gesi ya klorini. Stilwaya ya sufuria itakuachia mikwaruzo isiyofutika. Kama sakafu ni terazo au marumaru halisi, itandikie taulo hata unapotumia siki.

Kabla ya kununua chochote, pitisha ukucha kwenye doa. Ukikwaruza kitu, ni chokaa na itatoka. Kama ni laini kabisa na asidi imeshindwa mara kadhaa, huenda kioo chenyewe kimeliwa. Hapo ni kazi ya fundi wa kung'arisha, au kubadilisha kioo.

Mashine ya kulainisha maji niliiacha mwisho kwa sababu ya gharama. Inabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, hivyo hita na mabomba yatapumzika, na matone yatakayokauka yatafutika kirahisi. Lakini haipunguzi chumvi ya maji, inataka kulishwa chumvi yake, na inajisafisha kwa kumwaga maji, jambo linalouma wiki ya mgao. Sumaku za kufunga kwenye bomba usizinunue.

Na kama ndiyo kwanza unajenga na fundi alumini hajaja kupima, fikiria pazia la bafu. Likichakaa unabadilisha. Ukishikilia kioo, na ni kile cha ukungu kisichoonyesha ndani, mwambie fundi upande uliopigwa mchanga ukae nje, maji yagonge upande laini.