Silinda hedi ya Land Rover 109 iliyofanyiwa upya: niliyoinunua Mwanza na niliyoikataa

Wenye Land Rover 109 za petroli, zile za injini ya cc 2286, habari ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda chenye valvu, mnaijua. Ni chuma cha kusubu, kigumu kweli, lakini gari likichemka mara kwa mara kwa sababu ya rejeta chafu na maji matupu, ufa hauchelewi kujitokeza kati ya siti ya valvu ya ekzosi (mahali valvu hiyo inapokalia ikijifunga) na tundu la plagi. Ya kwangu ilifika hapo. Mpya kutoka Uingereza, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni hela ya kumnunulia mtu pikipiki, ndiyo maana nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza spea za magari ya zamani upande wa Nyakato, ambaye huleta hedi zilizotumika zikiwa zimeshapita kwa fundi wa mashine.

Alikuwa nazo mbili juu ya meza. Moja imepakwa rangi ya fedha hadi inang'aa, bei juu. Ya pili ina kutu mgongoni, uso wa chini tu ndio umeskimiwa, yaani umesawazishwa kwa mashine, bei chini kidogo. "Kijana wangu, chukua hii inayong'aa ukafunge leo leo, fundi amemaliza kila kitu," akaniambia. Nikamwomba, "Mzee, naomba nitoe valvu kwanza kabla ya kutoa pesa." Hakununa. Aliniletea klampu ya kubania springi, akavuta kiti, akakaa kuangalia. Kwa hilo peke yake nampa nyota nne kati ya tano. Wauzaji wengi hukupa garantii ya mdomo, ambayo huisha gari linapotoka getini. Ruhusa ya kufungua mzigo mezani kwake ina thamani kubwa kuliko garantii hiyo.

Nilianza na ile ya fedha. Rangi ya nje haina ubaya, ila hii ilikuwa imepuliziwa mpaka ndani ya vyumba vya moto, na hapo nikaanza kuwa na wasiwasi, maana rangi ya humo inaungua gari likiwaka tu. Kwa hiyo haikupakwa kwa ajili ya injini. Nilikwangua, nikafuta kwa petroli, kisha nikatumia njia ya zamani ya mafuta ya taa na chaki. Unapaka mafuta ya taa na kuyaacha yazame, unafuta uso mpaka ukauke kabisa, halafu unasugua chaki nyeupe juu yake. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Kwenye silinda ya pili mstari ulijichora taratibu, mwembamba kama unywele, kutoka siti ya ekzosi kwenda kwenye plagi. Mzee akauinamia, akavua miwani, akavaa tena. Sidhani kama alikuwa anajua. Makopo ya dawa nyekundu na nyeupe ya kutafutia nyufa yapo, nayo ni mazuri zaidi, lakini chaki ya shule inauzwa kila duka.

Ile yenye kutu ilipita mtihani huo vyumba vyote vinne. Nikaweka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wake kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, nikajaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini yake. Haikupita popote. Rula ya plastiki ya mwanafunzi usiitumie hapa.

Kwenye valvu ndipo nilipokaa muda mrefu. Kila moja niliinua kidogo kutoka kwenye siti yake, nikaitikisa kushoto na kulia ndani ya gaidi, ile bomba fupi ambamo mti wa valvu hupanda na kushuka. Gaidi ikiwa imelika, kichwa cha valvu kinacheza waziwazi, na hapo utakuja kuona moshi wa buluu asubuhi hata kama siti ni mpya. Hizi zilikuwa na mchezo mdogo tu. Kisha nikachora mistari ya penseli kukatiza uso wa valvu, nikairudisha, nikaizungusha kidogo na kuitoa. Mistari ikikatika pande zote, valvu inakaa sawa. Ikibaki upande mmoja, hapo moto utapita. Siti za ekzosi zilikuwa na pete mpya za chuma kigumu, alama yake ya duara inaonekana kwa tochi. Nilizitafuta makusudi. Injini za zama hizo zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyokuwa inakinga siti za ekzosi zisilike. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo hedi iliyofanyiwa upya bila pete ngumu ni kazi nusu.

Mwisho tuliigeuza juu chini, plagi zikiwa zimefungwa, tukajaza mafuta ya taa kwenye vyumba na kuchungulia kwenye matundu ya ekzosi na ya kuingizia. Valvu moja ilipitisha unyevu, ya silinda ya tatu. Mzee akapunguza bei, nikainunua hedi, na valvu hiyo nikaisaga mwenyewe nyumbani kwenye siti yake kwa pesti ya kusagia mpaka pete ya kijivu ikazunguka bila kukatika.

Sasa usafi, ambao fundi wa mashine aliupuuza kabisa. Kwa macho hedi ilikuwa safi, lakini nilipoigonga kwa nyundo ya mbao, ukadondoka mchanga unaopuliziwa kuondoa kutu pamoja na chembe za chuma kutoka kwenye njia za maji. Mchanga huo ukiingia kwenye oili, beringi za krenki hazina maisha. Zaidi niliogopa kitundu kinachopandisha oili kwenye shafti ya roka, vile vyuma vinavyobonyeza valvu. Kikiziba, roka zinakauka juu huku geji ya oili inakuonyesha mambo ni mazuri. Niliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, brashi nyembamba ya kuoshea chupa nikaipitisha kila tundu, kisha nikaipeleka kwa fundi pancha jirani aipulize kwa kompresa mpaka upepo ukatoka mkavu. Nikaipaka oili hapohapo. Hapa kwetu ziwani chuma kilichooshwa hupata kutu ya njano kabla hujamaliza chai.

Uso wa gasketi usiuguse kwa diski ya msasa kwenye grenda. Inachimba mabonde, na vumbi lake ni kali kwa beringi. Na mwenye Peugeot 504 asiige kuchemsha hedi kwa kostiki soda kama wafanyavyo wenye hedi za chuma. Ya kwake ni aluminiamu, na kostiki inaila.

Kufunga hakukuwa na makuu. Matundu ya boliti kwenye bloku yakaushwe kwanza, maana oili au maji yakinaswa chini, boliti inaweza kupasua bloku wakati wa kukaza. Boliti kubwa zinakazwa kwa nguvu ya futi-paundi 65, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, na nafasi ya tapeti, kati ya roka na valvu, ni milimita 0.25 kwa valvu zote. Ikapata moto, ikapoa, nikapitia tena boliti na tapeti.

Gari sasa linapanda kilima cha Bugando likiwa na mzigo, sindano ya joto imetulia, na asubuhi injini inanguruma bila kuyumba gari likiwa limesimama. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili: ule mchanga, na kwamba hedi ilikuja bila vizibo vipya vya maji pembeni, vya zamani vimelika mpaka vinabonyea kwa bisibisi. Ukienda kwake, mwambie avijumlishe kwenye bei kabla hamjapeana mikono, na uende na chaki yako.