ILCA 6 ya mtumba na trela lake: cha kukagua kabla ya kulipa

Wengi bado wanaiita Laser, lakini tangu 2019 jina lake ni ILCA. Mashua ni ileile aliyoichora Bruce Kirby wa Kanada: urefu mita 4.2, bodi ya faiba ya kilo 59 hivi, tanga moja, baharia mmoja. ILCA 7 hubeba tanga la mita za mraba 7.06, ILCA 6 hubeba 5.76. Bodi haibadiliki, hubadilika tanga na bomba la chini la mlingoti. Kwa baharia wa kilo 60 hadi 70 anayeshindana kwenye kusi la Juni na Julai, ILCA 6 ndiyo yenyewe. Tanga kubwa litamlaza ubavu, na mashua iliyolala haiendi joshi, yaani kuelekea upepo, inasukumwa kando tu.

Kwenye resi inasifika kwa utii, mradi vitu viwili viwe sawa. Kamba inayokatiza juu ya kana, yaani mpini wa usukani, ikazwe mpaka ilie. Ikilegea, kapi la demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, linaganda katikati badala ya kuteleza hadi pembeni, upande wa chini ya upepo. Na usukani ushuke wote. Ukibaki umeinuka hata kidogo, kana inakuwa nzito na mkono unachoka kabla ya boya la kwanza.

Udhaifu mkubwa uko kwenye tundu la mlingoti. Mlingoti unazunguka humo kila mashua inapobisha, yaani inapogeuka kupitia upepo, na mchanga ukiingia unasaga faiba ya chini kama msasa. Usinunue kabla ya kulijaza maji, kuweka alama na kusubiri nusu saa. Maji yakishuka, tundu limetoboka na bodi inakunywa. Linazibika kwa epoksi, ila bei ishuke. Ukaguzi wa pili ni bomba la juu la mlingoti: la alumini hupinda pale kwenye ribiti ya kola, pete inayokaa linapoingia bomba la chini, basi lilaze chini na ulizungushe uone kama linayumba. Tangu 2017 la faiba linaruhusiwa kwenye mashindano. Likija pamoja na mashua, hiyo ni nyongeza ya maana.

Sasa trela, maana hapo ndipo wanunuzi wanapoumia. Trela zuri linaibeba mashua kwenye kingo zake, karibu na usawa wa mlingoti, si kwenye tumbo. Roli iliyokaa chini ya tumbo inabonyeza faiba safari nzima, na mkanda uliokazwa kupita kiasi unamalizia kazi kwa kupasua sitaha. Weka godoro dogo chini ya mkanda, kaza kwa mkono tu.

Beringi ndizo zinazokufa kwanza. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikitoka barabarani ina moto. Ukiizamisha baharini inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kufyonza maji ya chumvi kupitia sili, mpira wa kuzuia maji. Kwa hiyo acha ipoe, au bora zaidi, teremsha mashua kwa mkokoteni wa ufukweni na trela libaki pakavu. Fungua kifuniko cha habu: grisi iliyogeuka rangi ya maziwa maana yake maji yameshaingia. Toa beringi zote mbili, osha kwa dizeli, kausha, kisha angalia njia za roli. Zikiwa na vidoti vyeusi, badilisha seti nzima pamoja na sili. Shindilia grisi ya baharini kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu, halafu irudishe nyuma kidogo: gurudumu lizunguke huru bila kucheza ukilitikisa juu na chini. Pini ya nati iwe mpya kila mara. Ya zamani iliyonyooshwa hukatika.

Trela lililochovya kwenye chumvi lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hasa katikati ya majani ya springi, ambako kutu huanza bila kuonekana. Ubao wa taa uondolewe kabla ya kurudi nyuma majini.