Uzoefu wangu na Build an Atom ya PhET kwa wanafunzi wa kidato cha pili

Nafundisha kemia, na katika mada za kidato cha pili hakuna inayonipa kazi kama muundo wa atomu. Asidi utaimimina wanafunzi wakaiona, utepe wa magnesiamu utauwasha wakashangilia, lakini protoni wataipokea kwa imani tu. Ndiyo maana wengi wanaikariri mada hii. Waulize kaboni ikiongezewa nyutroni moja inakuwa nini, na hutakosa wa kukujibu "naitrojeni".

Kwa shida hiyo hasa, sijapata kifaa kinachonisaidia kama Build an Atom. Ni programu ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kutunukiwa Nobel ya fizikia. Ni ya bure, haikutaki ujisajili, na inafunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta. Faili lake unaweza kulipakua mara moja kisha ukalitumia bila bando.

Chini ya skrini kuna vyombo vitatu: protoni nyekundu, nyutroni za kijivu, elektroni za bluu. Mwanafunzi anaburuta chembe kwa kidole na kujenga atomu yake. Akiweka protoni ya sita, jina linabadilika kutoka boroni kuwa kaboni papo hapo, na nafasi yake kwenye jedwali la elementi inawaka. Akiongeza nyutroni, jina halisogei. Kinachopanda ni namba ya masi, yaani jumla ya protoni na nyutroni. Akigusa elektroni, chaji ndiyo inayobadilika na atomu inaandikwa kuwa ioni, yaani atomu yenye chaji. Kila chembe ina kazi yake, na mwanafunzi anaigundua mwenyewe kabla sijaandika neno ubaoni.

Ninachokipenda zaidi ni kitufe cha kuonyesha kama kiini, yaani kile kitovu cha protoni na nyutroni, ni imara au la. Kiini kisicho imara kinatetemeka pale skrini. Wanafunzi huanza wakiamini kwamba nyutroni lazima zilingane na protoni, na mwanzoni kama vile programu inawaunga mkono: heliamu 2 kwa 2 imetulia, lithiamu 3 kwa 3 imetulia. Wakifika beriliamu 4 kwa 4, kiini kinaanza kutetemeka! Hapo darasa linaamka. Wanajaribu kupunguza, wanajaribu kuongeza, hadi nyutroni ya tano inapokituliza. Florini nayo ni hivyohivyo: 9 kwa 9 haitulii, inataka nyutroni 10. Na haidrojeni ya kawaida haina nyutroni kabisa na bado ni imara. Baada ya hapo somo la isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana idadi ya nyutroni, linapita kwa urahisi ajabu, na ukitaja kaboni-14 tayari wana mahali pa kuiweka.

Kuna pia namna mbili za kuonyesha elektroni: mizingo, au wingu. Mwalimu mwenzangu, usiruke ile ya wingu hata kama mtihani unauliza mizingo tu. Mtoto akiona picha zote mbili za atomu ileile, anaelewa kwamba duara zile ni mchoro wa kutusaidia kuhesabu.

Ukubwa wa kiini lazima uueleze kwa mdomo. Kwenye skrini kimechorwa kikubwa ili chembe zionekane, lakini kwa kweli upana wake ni mdogo kuliko wa atomu kwa mara 10,000 hadi 100,000. Kiini cha sentimita 1 kingehitaji atomu yenye upana wa kuanzia mita 100 hadi kilomita nzima. Hapo ndipo ninapowasimulia jaribio la mwanafizikia Rutherford la kurusha chembe ndogo za alfa kwenye bamba jembamba la dhahabu, na jinsi nyingi zilivyopita kana kwamba hakuna kitu. Programu inaonyesha atomu ilivyo. Tulijuaje, hilo ni la mwalimu.

Halafu ujue kwamba inaishia neoni, protoni 10. Mtaala unataka elementi 20 za kwanza, kwa hiyo sodiamu na klorini, mfano wetu wa kila siku wa chumvi, hutazijenga humo. Mimi nawajengesha florini yenye elektroni 10 waone chaji hasi ikitokea, kisha sodiamu tunaichora daftarini, 2:8:1 (idadi ya elektroni katika kila mzingo), hadi kalsiamu 2:8:8:2. Wakishaizoea ile ya skrini, kuchora hizi kumi zilizobaki hakuwasumbui.

Programu ina pia sehemu ya mchezo wa maswali; hiyo waachie mwishoni mwa kipindi, wawili wawili kwenye simu au kompyuta moja. Kipima muda kizime kwanza. Kikiwaka, wanakimbilia kubahatisha badala ya kuhesabu.