Televisheni ilituambia kabla ya nahodha: usiku saba kwenye meli iliyoharibika njiani

Nianze na nyota, maana najua wengi mnaruka moja kwa moja huko. Nimetoa tatu kati ya tano. Dada yangu niliyesafiri naye angetoa nne. Bwana wa chumba cha jirani aliapa kwamba hata nusu hawapati. Wote tulikuwa meli moja ya kitalii, usiku saba ule ule, na wote tulikosa bandari mbili kati ya tatu tulizolipia.

Dada alikuwa amestaafu, na hii ndiyo zawadi aliyoichagua badala ya kufanyiwa sherehe. Mimi nilikuwa mbeba mabegi.

Siku mbili za mwanzo sina la kulalamika. Chumba safi, chakula kizuri, bandari ya kwanza tukaiona asubuhi hadi jioni. Mambo yaligeuka usiku wa tatu. Meli hizi zina mtetemo mdogo usiokoma. Ukishalala nao usiku mmoja mwili unauzoea, huusikii tena. Dada aliujua kwa glasi ya maji aliyoiweka kando ya kitanda, kwa sababu maji yake yalikuwa yakicheza vimduara muda wote. Saa nane usiku akaniamsha. "Mdogo wangu, maji yametulia." Nikamwambia alale.

Asubuhi nikawasha televisheni. Kila chumba kina chaneli ya ramani: meli ni mshale mdogo, na chini yake wanaandika mwendo. Jana yake ilikuwa maili za baharini 19 kwa saa. Sasa iliandikwa 11. Hesabu hiyo haihitaji shahada: bandari ya pili, ambayo tulitakiwa kuamkia, ilikuwa bado mbali sana. Kipaza sauti kikalia, tukanyamaza wote wawili tusikilize. Alikuwa msimamizi wa burudani, anatukumbusha kwamba mashindano ya maswali na majibu yataanza saa nne.

Saa tano nahodha akasema kuna "hitilafu ndogo ya kiufundi" na kwamba "tutachelewa kidogo". Saa nane mchana akarudi: bandari ya pili imefutwa, tunaelekea ya tatu polepole. Sasa sikilizeni. Mshale kwenye ramani ulikuwa umegeuza pua tangu saa tatu asubuhi. Niliuona, dada aliuona, na nusu ya watu kwenye lifti walikuwa wanauzungumzia. Kwa saa tano nzima meli ilikuwa inakwenda kwingine, nasi tunaambiwa tutachelewa kidogo.

Kilichoharibika nilikuja kukielewa baadaye. Meli nyingi mpya za aina hii hazina ule mhimili mrefu unaotoka kwenye injini hadi kwenye rafadha, ile panga inayosukuma meli. Injini zinazalisha umeme, na umeme huo huo unawasha taa, unapika chakula, na unazungusha mota zilizowekwa ndani ya vidude vikubwa vilivyoning'inia chini ya mkia wa meli. Vidude hivyo vinageuka pande zote, kwa hiyo ndivyo usukani pia. Yetu ilikuwa na viwili, kimoja kikafa. Mara nyingi huwezi kukitengeneza safarini, kwa sababu kiko chini ya maji. Meli lazima iende cheleoni, mahali pa kutengenezea meli, itolewe majini. Kwa hiyo tangu usiku ule wa glasi, wahandisi hawakuwa na haja ya kubahatisha kama tutafika kwa wakati.

Nilishuka mapokezi kupanga foleni. Ilikuwa imezunguka ngazi mara mbili. Mbele yangu mume na mke waliovaa nguo za kuogelea, mataulo mabegani, kama waliokamatwa njiani. Kijana mmoja alikuwa anarekodi kila kitu kwa simu na kutusimulia sisi wenyewe tulivyokasirika. Nyuma yangu mama mmoja ameshika kikasha cha dawa zake za moyo, vile vyenye vyumba vya siku saba. Yeye hakutaka fidia. Alitaka kujua jambo moja tu: tutarudi siku iliyopangwa au la, kwa sababu dawa zilikuwa zimehesabiwa. Nilimsikia akiuliza wahudumu watatu. Watatu wote wakamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilipofika mbele nilimfokea binti wa mapokezi. Sijitetei. Nilisema maneno ya kampuni yake kana kwamba yeye ndiye mwenye kampuni. Akaningoja nimalize, macho kwenye kibodi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na sisi tunasikia kwenye kipaza sauti pamoja nanyi. Nikipata neno nitakupigia chumbani." Nikajua ni maneno ya kunifukuza.

Saa nne usiku simu ya chumbani ikalia. Ni yule binti. Amepiga kuniambia kwamba hakuna jipya, ila zamu yake inaisha na hakutaka nilale nikisubiri. Nyota ya tatu ni ya simu hiyo.

Kesho yake ikapenyezwa barua chini ya mlango. Karatasi nzuri nzito, pole nyingi, na mwishoni: kila abiria atapewa robo ya nauli kama vocha ya safari nyingine. Si fedha, ni vocha. Pale ndipo meli ilipochemka. Nimeona watu wakivumilia bandari kufutwa, wakavumilia mwendo wa kobe, lakini barua ile iliwakuta sitahani kama kibiriti.

Kwenye meza yetu alikuwapo mzee mmoja aliyesema amesafiri kwa meli za kitalii zaidi ya mara ishirini, na alionekana kufurahia mkasa huu kuliko safari yenyewe. Alitukumbusha kwanza tumshukuru Mungu kwa choo. Mwaka 2013, moto uliwaka kwenye chumba cha injini cha Carnival Triumph katika Ghuba ya Mexico, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Umeme ukakatika karibu wote. Na vyoo vya melini huvuta kwa umeme. Umeme ukienda, kinachofuata mnakijua. Watu walilala sitahani juu ya magodoro hadi meli ilipovutwa na matagi, zile meli ndogo za kukokota, ikafika Mobile, Alabama, Marekani, tarehe 14 Februari. Walirudishiwa nauli yote, wakapewa vocha, na dola 500 juu yake.

Kisha akatupa ile iliyowapandisha watu mori. Januari 2006, meli ya Queen Mary 2 iligonga ukingo wa mlango wa bandari ilipokuwa ikitoka Fort Lauderdale, kidude kimoja cha mkiani kikaharibika, ikaruka bandari za njiani ili iwahi Rio de Janeiro. Kampuni ikatoa nusu ya nauli. Abiria wakasema wakifika Rio hawashuki, watakaa humo humo. Kampuni ikalegea, ikarudisha nauli yote.

Kufikia chakula cha jioni, "hatushuki" ilikuwa imepanda kutoka meza moja hadi ukumbi mzima. Dada akaniuliza kwa utulivu, "Na sisi tusishuke, twende wapi?"

Mimi niliingia kwenye simu kutafuta haki zangu, kwa intaneti ya melini iliyokuwa inakwenda kama meli yenyewe. Baada ya mkasa wa Triumph, chama cha kampuni za meli za kitalii, CLIA, kilitoa hati ya haki za abiria mwaka huo huo wa 2013. Imeandikwa vizuri: safari ikifutwa kwa hitilafu ya mitambo unarudishiwa fedha zote, ikikatishwa kabla ya wakati unarudishiwa sehemu, na una haki ya kupewa taarifa kwa wakati. Nikaisoma mara mbili nikagundua tatizo letu. Safari yetu haikufutwa, wala haikukatishwa. Meli ingerudi bandari ya nyumbani siku ile ile iliyopangwa. Ilikuwa imetolewa utamu tu, na utamu hauna kifungu. Mkataba wa tiketi nao, ule tunaobofya "nimekubali" bila kuusoma, ulimruhusu nahodha kubadili njia na bandari bila kudaiwa chochote. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya haki za abiria wa majini, ya mwaka 2010, inayolipa fidia meli ikichelewa, kipengele hicho inakiacha nje kwa meli za kitalii.

Jioni ya siku ya tano wakatuita ukumbi wa maonyesho. Nahodha akaja mwenyewe, hakutumia kipaza sauti cha darini, na akamleta mhandisi mkuu. Yule mhandisi hakuwa msemaji. Alichora mkia wa meli ubaoni, akachora vidude viwili, akakikata kimoja kwa msalaba. Akasema bandari ya tatu nayo haiwezekani: mlango wake ni mwembamba, upepo unatabiriwa kuongezeka, na kwa kidude kimoja hawezi kuahidi kuishikilia meli isisukumwe upande.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mimi nilikuwa nafikiria meli nyingine ya kitalii, Viking Sky, Machi 2019, mafuta ya kulainisha injini yalipokuwa machache na mawimbi ya pwani ya Norway yakafanya mitambo yote izime. Watu 479 walitolewa kwa helikopta, mmoja baada ya mwingine. Bandari niliyokuwa nimeilipia ikaanza kupungua thamani.

Nahodha akasema, "Jana asubuhi tulijua mapema kuliko tulivyowaambia. Tulikuwa tunasubiri idhini ya ofisi." Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Bwana wa chumba cha jirani alitoka nje. Nahodha akamalizia kwa kutangaza kwamba kampuni sasa itarudisha nusu ya nauli kwa fedha, na ile vocha inabaki palepale. Sitasema ni hotuba au ni tishio la kutoshuka lililofanya kazi, lakini "hatushuki" haikusikika tena.

Na yule mama wa dawa akapata jibu lake pale pale: tunarudi siku iliyopangwa. Alifunga kikasha, akaenda kulala.

Kuhusu fedha ndogo ndogo, nijuze wenzangu. Ziara za bandarini tulizonunua melini zilirudishwa kwenye akaunti ya chumba siku ile ile, bila kuomba, pamoja na ada za bandari tulizokosa. Ziara moja nilikuwa nimeinunua kwa wakala wa nje kwa kuwa ilikuwa nafuu. Hiyo imekwenda na maji. Bima yetu nayo, ya bei ya chini kabisa, ilikuwa inalipa safari ikifutwa, si bandari ikirukwa. Dada alikuwa ametaka ile ya juu. Mimi ndiye niliyembishia.

Tulipofika gatini siku ya mwisho, tulishuka kwa utaratibu mzuri tu, hakuna aliyekaa. Lakini njia ya kutokea imetenganishwa na ukumbi wa wanaopanda kwa ukuta wa kioo, na upande wa pili walikuwapo abiria wa safari inayofuata, na masanduku yao, baadhi wamevaa fulana za kufanana zenye jina la bibi anayetimiza miaka 70. Nusu saa kabla walikuwa wameambiwa kwamba meli inakwenda cheleoni na safari yao imefutwa. Wao walirudishiwa kila kitu na vocha juu. Wengine walikuwa wamekuja kwa ndege, na tiketi ya ndege haikuwa sehemu ya nauli ya meli. Hilo kila mtu akapambane na bima yake.

Nje, tukisubiri teksi, mwanamke mmoja wa zile fulana akatuuliza kama ndio tumeshuka. Nilidhani atatuonea wivu, au atatuuliza habari za fidia. Akauliza, "Mliona nini?" Dada akatoa simu, akamwonyesha picha za bandari ile moja tuliyoiona. Yule mwanamke alizipitia zote, hata zile zenye ukungu, hata za sahani za chakula, akizivuta kwa vidole ziwe kubwa.

Nusu ya nauli iliingia benki wiki ya sita, baada ya barua pepe tatu. Vocha ina mwaka mmoja. Mimi ya kwangu sijaigusa. Dada jana amenitumia ujumbe kuuliza kama pasi yangu ya kusafiria bado iko hai, na safari hii bima atachagua yeye.